Nitampataje mchuaji mwenye leseni katika mji mdogo?

*"Habari za kazi, daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Makambako, nina umri wa miaka 47, na jioni hushona nguo za wateja nyumbani. Kwa miezi minne sasa nasumbuliwa na maumivu ya kiuno na mabega, na yakizidi hushuka hadi nyuma ya paja la kushoto. Zahanati walinipa dawa za maumivu. Nikimeza napata nafuu, nikiacha yanarudi. Natumia pia dawa ya presha. Mwezi uliopita nilikwenda saluni moja wanakofanya masaji. Kijana alinikandamiza kwa kiwiko hadi machozi yakanitoka, akasema maumivu hayo ni dalili kwamba sumu inatoka, na nilibaki na michubuko. Jirani ananishauri niende kwa bibi mmoja anayechua kwa mafuta ya nyonyo. Mume wangu hataki nirudi kwenye vyumba vya masaji, anasema vingine si vya matibabu. Nataka mtu mwenye leseni. Nitamjuaje, au nisafiri hadi Mbeya? Na je, ni vibaya nikienda na mtu wa kunisindikiza?"*

Mwalimu, pole kwa maumivu na pole zaidi kwa yaliyokukuta saluni. Katika barua yako naona hofu mbili zilizoshikana. Ya kwanza ni kama mkono utakaokugusa unajua unachokifanya. Ya pili ni kama mahali penyewe ni pa heshima. Unatumaini kwamba leseni itazimaliza zote mbili kwa mkupuo mmoja. Kwa bahati mbaya, nchini kwetu hakuna karatasi moja ya namna hiyo. Zipo karatasi za aina kadhaa, zinazotoka katika ofisi tofauti, na kila moja inathibitisha jambo lake. Ukishajua ipi inasema nini, nusu ya kazi ya kutafuta itakuwa imekwisha.

Ile iliyotundikwa ukutani katika saluni nyingi ni leseni ya biashara inayotolewa na halmashauri. Mwenye saluni huipata akiwa na namba ya mlipakodi na mahali panapofaa kufanyia shughuli zake, na maana yake ni kwamba biashara inatambulika na inalipa kinachotakiwa. Hakuna ofisa aliyemketisha yule kijana na kumuuliza mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu unapita wapi kwenye kalio, au afanye nini mteja akimwambia kwamba ana presha. Wengi huitazama karatasi hiyo yenye muhuri na kuridhika, na sishangai, kwa sababu imeandikwa "leseni" kwa herufi kubwa. Leseni hiyo ni ya duka.

Karibu na hiyo huenda ukaona cheti cha mafunzo: cha chuo cha urembo, cha kozi fupi, au barua ya kuthibitisha kwamba mhusika aliwahi kufanya kazi katika hoteli ya kitalii Arusha au Zanzibar. Sivibezi vyeti hivyo. Mtu aliyefundishwa vizuri hotelini anajua usafi, anajua kumfunika mteja, anajua kupima nguvu ya mikono yake, na mwili mzima usio na maradhi hutoka kwake umepumzika kweli. Asichofundishwa ni kutofautisha kiuno kilichochoka na kiuno chenye ugonjwa, na hapo ndipo wewe, mwenye maumivu ya miezi minne, unapohitaji zaidi ya anachoweza kukupa.

Kisha kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 2002. Anayejitangaza kuwa anatibu maradhi kwa njia za asili au mbadala anapaswa kuwa amesajiliwa huko, na katika halmashauri yupo mratibu anayeshughulikia mambo hayo chini ya mganga mkuu. Usajili huo una faida moja ambayo watu huidharau: mhusika anajulikana jina lake na mahali anapofanyia kazi, na likitokea jambo unajua pa kulalamika. Hata hivyo, haumaanishi kwamba alisomea mifupa, misuli na mishipa ya fahamu darasani.

Karatasi iliyo karibu zaidi na unayoitafuta ni ya mtaalamu wa fiziotherapia, ambaye watu wengi hospitalini humwita daktari wa mazoezi ya viungo. Huyu amesoma kwa miaka, amefanya mazoezi ya kazi wodini chini ya usimamizi, na kwa sheria ya mwaka 2017 inayohusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi, anawajibika kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Anapaswa kuwa na usajili na leseni iliyo hai, na una haki ya kumwomba akuonyeshe. Mtaalamu wa kweli hakasiriki akiombwa. Atakayekasirika amekwisha kujibu swali lako.

Nikutahadharishe mapema kuhusu jambo moja ili usije ukakata tamaa. Ukienda fiziotherapia huenda usichuliwe kabisa, au uchuliwe kwa dakika chache, kisha muda uliobaki utumike kukupima na kukufundisha mazoezi ya kufanya nyumbani. Wapo wagonjwa wanaotoka wakinung'unika kwamba hawakuguswa vya kutosha, kana kwamba wamepunjwa. Sababu ya kufanya hivyo ni namna masaji inavyofanya kazi mwilini, nami naomba uvumilivu wako nilieleze hilo kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndilo litakalokuwezesha kumpima mchuaji yeyote utakayekutana naye.

Mkono unapopita juu ya ngozi na kubonyeza misuli kwa nguvu ya wastani, mishipa ya fahamu inayopokea mguso hupeleka habari nyingi kwenye uti wa mgongo, na habari hizo hupunguza nafasi ya zile za maumivu kufika kwenye ubongo. Ndiyo maana mtoto akijigonga goti hulisugua bila kufundishwa na mtu. Pamoja na hilo, mguso wa taratibu katika mahali penye utulivu hushusha hali ya tahadhari ya mwili: pumzi huwa ndefu, mapigo ya moyo hupungua, na misuli iliyokuwa imejikaza kwa kujilinda hulegea. Kwa hiyo nafuu unayoisikia ni ya kweli. Lakini ni ya muda, kwa wengine saa chache, kwa wengine siku kadhaa, kwa sababu kilichosababisha misuli ijikaze bado kipo pale pale. Tafiti kuhusu maumivu ya kiuno ya muda mrefu zinaelekea huko huko: masaji husaidia kwa kipindi kifupi, na manufaa yanayodumu hupatikana zaidi mtu anaporudisha mwili wake kwenye mwendo na mazoezi.

Katika maelezo hayo hutaona sumu ikitoka. Taka za mwili huondolewa na ini na figo usiku na mchana, na kiwiko cha mtu mgongoni hakiongezi kitu katika kazi hiyo. Michubuko uliyobaki nayo ni mishipa midogo ya damu iliyopasuka chini ya ngozi, basi. Wala hakuna mfupa unaotoka mahali pake kidogo kidogo ukasubiri kurudishwa kwa kusukumwa, na diski ya uti wa mgongo, yaani ule mto ulio kati ya pingili, hairudishwi kwa vidole, kwa kuwa iko ndani sana nyuma ya mifupa na misuli minene. Na tafadhali usikubali tena imani ya kwamba lazima iume ndipo ifanye kazi. Maumivu makali humfanya mtu ajikaze zaidi, yaani yanaondoa kile kile ulicholipia. Nguvu inayofaa ni ile ambayo unaisikia vizuri huku ukiweza kupumua na kuzungumza kama kawaida.

Sasa tuje Makambako. Anza na hospitali iliyo karibu nawe na uulize kama ina kitengo cha mazoezi ya viungo au siku maalumu ambazo mtaalamu hufika. Pasipokuwa na mtu, Njombe mjini ipo hospitali ya rufaa ya mkoa, na safari yake ni fupi kuliko ya Mbeya. Hospitali za misheni za Ilembula na Ikonda nazo zinafaa kupigiwa simu kabla hujatoka nyumbani. Ukiwa mwalimu bila shaka una kadi ya bima ya afya. Iulizie dirishani utaratibu wa rufaa, kwa kuwa huduma ya fiziotherapia hospitalini ni sehemu ya matibabu, ilhali masaji ya saluni utailipia mwenyewe.

Kuhusu wachuaji wasio wa hospitali, nenda ofisi ya mganga mkuu wa halmashauri ya mji, umwombe mratibu wa tiba asili na tiba mbadala akuambie ni nani amesajiliwa katika eneo lenu. Mji mdogo una faida yake hapa: watu wanajuana. Muuguzi wa zamani wa hospitali anajua ni nani huwaletea wagonjwa walioumizwa na ni nani huwaambia watu waende hospitali kwanza. Huyo wa pili ndiye unayemtaka. Wengine watakuelekeza kwa mchua misuli wa timu ya mpira, na huenda ana mikono mizuri kweli, lakini uzoefu wake ni wa vijana wenye afya waliokazwa na misuli uwanjani, si wa mama wa miaka 47 anayemeza dawa za presha.

Ukishapata jina, piga simu kabla ya kwenda, na usikilize zaidi ya unavyozungumza. Mchuaji anayefaa hukuuliza kabla hajakutajia bei: unaumwa wapi na tangu lini, maumivu yanashuka mguuni au la, una ujauzito, umewahi kuvunjika, unatumia dawa gani. Wewe nawe muulize alijifunza wapi, kwa muda gani, na kama cheti chake kina jina lile lile lililo kwenye kitambulisho chake. Halafu muulize swali ninaloliamini kuliko yote: "Ni mgonjwa wa namna gani ambaye wewe hukubali kumchua?" Anayejua kazi atataja bila kusita mguu mmoja uliovimba na kuuma, kwa sababu huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa na kuichua kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu, atataja homa, majeraha na maradhi ya ngozi, mifupa iliyodhoofika, na watu wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda. Akikujibu kwamba yeye huchua watu wote na magonjwa yote, mshukuru na ukate simu. Vivyo hivyo kwa anayeahidi kuponya kwa mara moja, na kwa anayetaka kukuzungusha shingo kwa ghafla hadi ilie: tendo hilo, ingawa ni mara chache, linaweza kuchana mshipa wa damu unaopanda kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Presha yako peke yake haikuzuii kuchuliwa, mradi imedhibitiwa na dawa. Mtajie mchuaji, na ukimaliza kaa ukingoni mwa kitanda kwa dakika chache kabla ya kusimama, kwa kuwa mwili uliopumzika pamoja na dawa ya presha huweza kukuletea kizunguzungu. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni dawa za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni na nyingine za kundi hilo hupandisha presha, hudhoofisha nguvu ya baadhi ya dawa za presha, na zikitumiwa kwa muda mrefu hudhuru figo na tumbo. Hujaniandikia umepewa ipi. Kwa hiyo chukua boksi la dawa ya maumivu na la dawa ya presha, uyapeleke yote mawili kwa daktari wiki hii, upimwe presha na umuulize kama yanapatana. Ningependa ulifanye hili kabla ya kumtafuta mchuaji yeyote.

Daktari huyo huyo ndiye atakayechunguza yale maumivu yanayoshuka nyuma ya paja. Mara nyingi hutokana na mshipa wa fahamu uliosumbuliwa kiunoni, na kwa watu wengi hutulia taratibu kwa muda na mwendo, ingawa anayekuchunguza kwa mikono na kupima nguvu za miguu yako ndiye anayeweza kusema. Mimi kwa barua siwezi. Zipo dalili ambazo ukiwa nazo usiende kwa mchuaji wala usisubiri miadi. Ukishindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo ukigoma kutoka, ukapata ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au mguu ukaanza kulegea na kuburuta, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, kwa sababu mishipa ya fahamu inayobanwa namna hiyo haisubiri. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito na maumivu yasiyotulia hata ukilala ni dalili za jambo jingine. Kifua kikuu hukaa pia kwenye mifupa ya mgongo, na bruselosi, inayotokana na maziwa yasiyochemshwa, hujificha kiunoni kwa miezi. Nimeona wagonjwa wa namna hiyo waliozungushwa kwa wachuaji muda mrefu kabla ya kufikishwa hospitali, huku mifupa ikiendelea kuliwa. Kama uliwahi kuanguka, kugongwa na bodaboda, au kutibiwa saratani, mweleze daktari hata kama unaona halihusiani.

Tuseme umechunguzwa na hakuna kitu cha hatari. Je, usafiri hadi Mbeya? Kwa uchunguzi mmoja wa kina, ikiwa Njombe haikutosha, ndiyo. Kwa masaji ya kila wiki, hapana. Utakaa saa nyingi kwenye basi kwenda na kurudi, na kiuno chako tayari kinalalamikia kukaa. Utarudi ukiwa umeacha nafuu njiani na nauli kwa kondakta. Afadhali upate mpango mmoja mzuri wa mazoezi kutoka kwa mtaalamu, ukaufanye Makambako.

Na bibi wa jirani? Sina ugomvi naye. Wapo akina bibi ambao mikono yao imechua wazazi na watoto kwa miaka mingi na wana upole ambao yule kijana wa kiwiko hakuwa nao. Mafuta ya nyonyo hulainisha ngozi ili mkono uteleze. Hayapenyi hadi kwenye mifupa, na hakuna haja ya kuyapasha moto hadi yaunguze. Ukimwendea baada ya kuchunguzwa, mwombe akuchue mabega na misuli ya kando ya mgongo kwa nguvu ya wastani, asikubonyeze juu ya uti wenyewe, asikukanyage, asikuchanje, na asikupe dawa ya kunywa, kwa sababu hujui itakutana vipi na ile ya presha. Akiyakubali hayo, naona ni chaguo zuri kuliko saluni uliyotoka. Hata mume wako anaweza kukufanyia hivyo jioni kwa dakika kumi, bila gharama yoyote.

Kwa upande wako, angalia kiti unachoshonea. Ukikaa kwenye kigoda au kiti cha plastiki kilicho chini kuliko meza ya cherehani, mabega hupanda kuelekea masikioni na kiuno huinama mbele kwa saa nzima. Inua kiti mpaka viwiko viwe sawa na meza, sogeza cherehani karibu nawe, na usimame kutembea kila baada ya nusu saa hivi, hata kama ni kwenda mlangoni na kurudi. Shuleni, sahihisha madaftari ukiwa umesimama pale inapowezekana. Tembea kwa miguu kila siku kwa mwendo unaokutosha, na usikae kitandani kwa kuogopa kwamba kusogea kutaharibu kitu. Kulala siku nzima hudhoofisha misuli na kurefusha ugonjwa. Kitambaa cha moto kiunoni kabla ya kulala kinafaa, kwa joto ambalo mkono wako unalivumilia. Masaji, ukiipata, iwe nyongeza ya hayo. Ukienda mara tatu au nne bila kuona unainama, unaketi au unalala vizuri zaidi ya awali, acha, urudi kwa mtaalamu wa fiziotherapia, wala usikubali kuuziwa vipindi kumi vya kulipia mapema.

Hofu ya mume wako ina msingi, kwa kuwa zipo sehemu zinazotumia jina la masaji kwa biashara nyingine. Sehemu hizo hutambulika hata bila kuuliza leseni: bei zisizoandikwa popote, mlango unaofungwa kwa ufunguo kwa ndani, mchuaji anayekutaka uvue nguo zote wakati tatizo ni mabega. Mahali pa kazi ya kweli mteja huvua tu nguo za sehemu inayoshughulikiwa, sehemu nyingine hufunikwa kwa shuka safi, na mchuaji hukueleza anakotaka kugusa kabla ya kugusa. Una haki ya kuomba mchuaji wa kike, na una haki ya kusema "acha" katikati ya kipindi bila kutoa sababu.

Kuhusu kusindikizwa: si vibaya hata kidogo. Nenda na mume wako, dada yako au mwalimu mwenzako, aketi ndani ya chumba au nyuma ya pazia kama utakavyopenda, na uliseme hilo kwenye simu ya kwanza. Hospitalini hatuoni ajabu mgonjwa akija na mtu wake. Kokote watakakokuambia kwamba msindikizaji lazima abaki nje, geuza safari.